Chukua Jibu, Mwachie Tusi Lake

Waswahili tunasema kuuliza si ujinga. Nadhani aliyelisema hilo kwa mara ya kwanza hakuwahi kuwauliza swali watu wa kompyuta. Angewauliza hata mara moja, saa saba za usiku, kwa Kiingereza cha kuombea maji, kwa nini programu yake inagoma, angerudi mbio kuongeza maneno mengine kwenye msemo wake.

Nifafanue kidogo, maana si kila mmoja wetu anashinda na watu hawa. Mtu anayejifunza kutengeneza programu au kusimamia seva hawezi kumtegemea mwalimu wake peke yake. Ipo siku atakwama mahali ambapo hata mwalimu hajawahi kufika. Hapo ndipo anapokwenda kuuliza kwenye makundi ya mafundi wenyewe, huko mtandaoni. Anayemjibu anaweza kuwa yuko Ujerumani, India au Brazili. Hamjui, halipwi, na pengine ameacha chakula kinapoa mezani ili asome swali la mtu wa Tandika. Hili ni jambo kubwa, na nataka nilisifu kabla sijaanza kulalamika. Ni fani chache sana ambazo mwanafunzi anaweza kuuliza usiku na asubuhi akajibiwa na fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, bure kabisa.

Tatizo ni namna majibu mengine yanavyokuja. Unauliza kitu kimoja, unajibiwa kwamba hujui kusoma. Unaomba msaada, unaambiwa utafute kazi nyingine. Wana hata kifupisho chao cha herufi nne, RTFM, cha kumwambia mtu akasome mwongozo, ila katikati wamechomeka tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, kwa sababu mama yangu husoma ninayoyaandika.

Sasa mtu akikujibu hivyo unafanyaje? Unamrudishia? Unanyamaza? Unaondoka? Nimelifikiria sana swali hili, na nimefika mahali ambapo naamini kwamba jibu kali ni mzigo wenye vitu viwili vilivyofungwa kamba moja: kuna habari na kuna hasira. Anayejua kuifungua kamba ile anaondoka na habari. Asiyejua anaondoka na hasira peke yake, na mara nyingi harudi tena. Tena hatuwezi kumwachia muuliza peke yake kazi ya kuifungua. Nitafika huko.

Niwape kisa. Mdogo wangu wa kike alisoma mambo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwa kazi yake ya mwaka wa mwisho alitengeneza mfumo mdogo wa kuandikisha wagonjwa wa zahanati: jina, umri, mtaa, tarehe, dawa alizopewa. Ulikwenda vizuri mpaka alipojaribu kuingiza jina lenye ng', mfano Ng'wandu. Kila akibonyeza kuhifadhi, mfumo unaanguka. Juma anapita, Asha anapita, Mwajuma anapita, Ng'wandu hapiti. Kwetu hili si jambo la kuchekea. Ukienda Kanda ya Ziwa na mfumo unaowakataa watu wenye ng', ni bora ungebaki na daftari.

Akauliza. Akabandika mistari yake ya programu, akaeleza tatizo, akasubiri. Baada ya muda mfupi likaja jibu. Mjibu alianza kwa kusema ni muda mrefu hajaona upuuzi wa namna ile. Akaendelea kwamba mtu anayeandika programu hivyo hapaswi kusogelea kanzidata ya mtu yeyote, sembuse ya wagonjwa, na kwamba ameuacha mlango wazi kiasi kwamba mwizi yeyote anaweza kuingia na kutoka. Akamalizia kwa kumwambia akasome kuhusu amri zinazoandaliwa mapema, na aache kuwapotezea watu muda.

Usiku ule ule simu yangu ikaita.

"Dada, mi hii kitu naacha," akaniambia. "Natafuta kazi hata ya benki."

"Amesemaje?"

"Amenitukana tu."

"Nisomee."

"Dada, nimekwambia kanitukana."

"Nisomee polepole. Halafu chukua karatasi, piga mstari katikati. Matusi yaandike kushoto. Kitu chochote ambacho ni habari, kiandike kulia."

Huo si utaalamu wa kompyuta, maana sina. Ni mazoea ya kazi yangu. Mwandishi wa habari hupigiwa simu na watu waliokasirika karibu kila wiki, na mara nyingi aliyekasirika ndiye mwenye habari. Ukimkatia simu kwa sababu ya sauti yake, kesho utaisoma habari hiyo kwenye gazeti la jirani.

Upande wa kushoto wa karatasi ukajaa. Upande wa kulia yakabaki mambo mawili tu: kwamba kuna mlango wazi, na kwamba kuna kitu kinaitwa amri zinazoandaliwa mapema. Mdogo wangu akaenda kusoma kuhusu hayo mawili. Alichokikuta kilimfanya akae wima.

Nitajaribu kukieleza kama alivyonieleza yeye. Programu yake ilikuwa inachukua jina la mgonjwa na kulipachika ndani ya amri inayopelekwa kwenye kanzidata, katikati ya alama mbili ndogo za juu. Alama hizo ndizo zinazoiambia kanzidata kwamba jina limeanzia hapa na limeishia hapa. Sasa ile alama ya ng', ambayo watu wa lugha huiita ritifaa, ni alama ile ile. Kanzidata ikifika kwenye Ng'wandu inadhani jina ni Ng tu, limekwisha. Yanayofuata, yaani wandu, inayasoma kama amri. Hakuna amri kama hiyo, kwa hiyo inagoma.

Mpaka hapo ni usumbufu tu. Lakini fikiria mtu ambaye jina lake si Ng'wandu, bali ni mhuni anayejua anachofanya. Kwenye nafasi ya jina anaandika herufi moja, anaweka ile alama, halafu anaandika amri halisi: nionyeshe wagonjwa wote, au futa kila kitu. Kanzidata itatii. Ni sawa na kumkabidhi mgeni barua yako uliyokwisha kuitia sahihi, ukamwomba ajaze jina lake tu, naye akaongeza aya nzima juu ya sahihi yako. Dawa yake ndiyo hizo amri zinazoandaliwa mapema: unaipa kanzidata amri kwanza, ikiwa na nafasi iliyo wazi, halafu jina unalileta baadaye, peke yake. Hata liwe na alama gani, litabaki kuwa jina. Uvamizi wa aina hii unajulikana na mafundi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na bado umekuwa ukiangusha mifumo ya watu wakubwa.

Kwa hiyo yule mtu hakuwa na adabu, na alikuwa sahihi. Yote mawili kwa wakati mmoja. Ugumu wote uko hapo. Kama watu wakali wangekuwa wanakosea kila mara, tungewapuuza tukaenda kulala. Lakini mdogo wangu angefunga kompyuta usiku ule kwa hasira, zahanati fulani ingekuja kupewa mfumo wenye orodha ya wagonjwa wake na maradhi yao, mlango ukiwa wazi.

Tujiulize kwanza, kwa nini mafundi wanajibu hivi? Sipendi kusema tu kwamba ni watu wabaya, kwa sababu wengi wao si wabaya.

Sababu ya kwanza naiona kwenye salamu. Sisi hatuanzi jambo bila salamu. Hata ukienda kumwambia jirani kwamba nyumba yake inaungua, utapiga hodi kwanza. Mafundi wana desturi tofauti. Pale Stack Overflow, mahali pa maswali ya programu palipoanzishwa mwaka 2008, salamu na asante huhesabiwa kuwa vumbi, na mtu anaweza kuziondoa kwenye swali lako ili libaki swali tupu. Mmoja wetu anaingia na "habari zenu wapendwa, natumaini hamjambo", wao wanaona anachelewesha kazi. Wao wanajibu neno moja bila hata hujambo, sisi tunaona tumedharauliwa. Pengine hapo hakuna aliyemtukana mwenzake. Ni desturi mbili zimegongana mlangoni.

Sababu ya pili ni maandishi yenyewe. Maandishi hayana uso. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, walitoa utafiti kuhusu jambo hili. Waliwapa watu sentensi za kuwaandikia wenzao kwa barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakawauliza waandikaji kama wanadhani wasomaji watatofautisha. Waandikaji waliamini wataeleweka karibu mara nane katika kila kumi. Walioeleweka ni zaidi kidogo ya nusu. Yaani ungerusha shilingi hewani ungekaribia kupata matokeo yale yale. Mwandishi huisikia sauti yake kichwani anapoandika, akadhani na msomaji anaisikia.

Mafundi wenyewe waliligundua hili mapema. Tarehe 19 Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, mwalimu wa kompyuta aitwaye Scott Fahlman aliwapendekezea wenzake wawe wanaweka nukta pacha, kistari na mabano ya kufunga kila wanapotania. Sababu ilikuwa kwamba watu walikuwa wakitaniana kuhusu zebaki ndani ya lifti, na baadhi wakadhani ni onyo la kweli. Kwa hiyo ile sura ya tabasamu tunayotumiana kwenye simu kila siku ilizaliwa kwa sababu mafundi walishindwa kuelewana kwa maandishi. Wao, wenye akili zote zile, wakiwa kwenye chuo kimoja! Itakuwa wewe na mtu wa Brazili, ambao Kiingereza si cha mama wa yeyote kati yenu?

Sababu ya tatu ni uchovu. Swali lako ni la kwanza kwako, lakini kwa mjibu huenda ni la mia nne. Mwaka 2001 Mmarekani Eric Raymond, mmoja wa watu wa programu huria, aliandika mwongozo mrefu wa namna ya kuuliza maswali kwa busara. Humo anamwambia mgeni kwamba mengi anayoyaona kuwa ni ufidhuli ni unyoofu tu wa watu wanaojali ufumbuzi kuliko kubembelezana. Nakubaliana naye nusu. Ni kweli kwamba muuliza ana wajibu wa kujaribu kwanza, kusoma kwanza na kueleza alichojaribu. Ile nusu nyingine tuiweke pembeni kidogo.

Twende kwenye ugomvi mmoja ambao ningependa kila kijana wa kompyuta aujue. Tarehe 29 Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam, mtu aliyekuwa amekwisha kuandika vitabu na kutengeneza mfumo endeshi wa kufundishia uitwao Minix, aliandika mbele ya kundi zima kwamba Linux imepitwa na wakati. Linux wakati huo ilikuwa na miezi michache tu tangu itangazwe. Aliyeitengeneza alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds. Hoja ya profesa ilikuwa ya kiufundi: kiini cha Linux kimejengwa kama donge moja kubwa, wakati elimu ya siku hizo ilitaka kigawanywe vipande vidogo. Baadaye akamwambia kijana ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, maana kwa kazi ile asingepata alama nzuri.

Kijana akawaka. Akajibu siku ile ile, akaichambua Minix, na akasema kwamba kazi ya uprofesa ni kisingizio kizuri cha kasoro zake. Lakini kesho yake akaandika tena. Akaomba radhi kwa ukali wake, kisha akaendelea na hoja zake za kiufundi bila kurudi nyuma hata hatua moja. Hapo nataka usimame. Aliomba radhi kwa sauti yake, hakuomba radhi kwa msimamo wake. Wengi wetu tunadhani vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja, ndiyo maana hatuombi radhi kamwe.

Na mwisho wake? Miaka 12 baadaye, mwaka 2004, Mmarekani mmoja alitaka kuandika kitabu cha kudai kwamba haiwezekani kijana yule aliandika Linux mwenyewe, kwamba lazima aliichota kutoka Minix. Alisafiri mpaka Amsterdam kumhoji profesa. Nani angekuwa na sababu nzuri zaidi ya kumwangusha Torvalds? Tanenbaum akatoka hadharani akaeleza kwamba Torvalds aliiandika Linux mwenyewe na kwamba madai hayo hayana msingi. Walibishana juu ya kiini cha mfumo mpaka mwisho, bila kukubaliana, lakini mmoja hakukubali mwenzake asingiziwe.

Sasa, kwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe, tunafanyaje tukijibiwa kwa ukali?

Ushauri bora niliouona ni wa Oktoba 1995, katika waraka unaojulikana kama RFC 1855, ulioeleza adabu za mtandao. Unasema, kwa maneno yangu, kwamba jibu lililojaa hisia lilaze usiku mmoja kabla ya kulituma. Ni ushauri wa bibi kabisa huu. Tofauti ni kwamba bibi yako angekuona umevimba, angekukalisha chini. Kompyuta haikuoni.

Pili, igawe karatasi. Kama upande wa kulia uko mtupu kabisa, basi ulichopewa ni kelele, endelea na shughuli zako. Kama kuna kitu, kichukue ukakijaribu kabla ya kuandika neno lolote.

Tatu, ukirudi, rudi na ulichokijaribu. Mdogo wangu aliandika mistari minne asubuhi yake. Alishukuru kwa onyo la mlango wazi, akasema amebadilisha amri zake, Ng'wandu sasa anapita, na amebakiwa na swali moja kuhusu sehemu ya kutafuta majina. Matusi hakuyagusa, wala kuyakemea wala kuyacheka. Yule bwana akajibu kwa mistari miwili, bila tusi na bila kuomba radhi, na jibu lake lilifanya kazi. Akaingia na mtu mwingine kabisa, akamwekea mfano mzima hatua kwa hatua. Huyo wa pili hakuwa ameandika lolote usiku uliopita. Alikuwa anasoma tu.

Huyo anayesoma tu ndiye wa kumkumbuka. Unapomjibu mtu mkali unadhani mko wawili. Hamko wawili. Kuna wanaosoma siku hiyo, na kuna atakayekuja miaka mitano baadaye, pengine mwanafunzi wa Mwanza mwenye tatizo la ng', akitafuta jibu. Ukirudisha tusi, atakuta ugomvi. Ukirudisha jaribio lako na matokeo yake, atakuta dawa.

Mpaka hapa naweza kuonekana nawaambia vijana wawe na ngozi ngumu, basi. Sivyo. Narudi kwenye ile nusu niliyoiweka pembeni.

Kuna tofauti kati ya kuambiwa kazi yako ni mbovu na kuambiwa wewe ni mbovu. "Mistari hii itaibiwa data" ni maneno makali kuhusu kazi. "Wanawake hawawezi mambo haya", au maneno kuhusu rangi yako, au vitisho, hayo hayana upande wa kulia. Hapo usigawe karatasi yoyote. Hifadhi ushahidi, waarifu wasimamizi, na kama hawachukui hatua, ondoka bila kujilaumu. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini wewe unaweza kuchagua pa kukaa.

Tena ukali hata wa kiufundi una gharama, ila gharama yake haionekani, kwa sababu wanaoondoka hawaagi. Tumwangalie Torvalds yule yule. Linux yake ilikua mpaka leo kiini chake ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android, pengine na hiyo uliyoishika. Lakini lugha yake kwa waliokosea ikawa maarufu kama kazi yake. Julai 2013 Sage Sharp, aliyeandika sehemu iliyoiwezesha Linux kutumia USB 3.0, alimtaka hadharani aache kuwatukana watu. Torvalds akakataa kubadilika. Oktoba 2015 Sharp akaeleza hadharani kwamba ameiacha kazi ile, kwa sababu hakuweza kuendelea kufanya kazi mahali ambapo watu wanasemeshwa vile. Mtu mwenye ujuzi huo, na mchango huo, akaenda zake. Sharp alikuwa na jina, tukasikia. Je, wale ambao hata mstari mmoja hawakuwahi kuutuma kwa kuogopa?

Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliandika kwamba mashambulizi yake kwenye barua hayakuwa ya kitaalamu wala hayakuwa na sababu, akaomba radhi, na akasema anakwenda mapumziko atafute msaada wa kuelewa hisia za watu. Mradi ukapata kanuni mpya za mwenendo. Mwezi Oktoba akarudi kazini, na Linux haikuharibika kwa sababu watu wameanza kusemeshana vizuri. Wale waliokuwa wakisema ukali ndio unaolinda ubora, sijui wanalielezaje hili.

Mwaka huo huo wa 2018, tarehe 12 Julai, Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanzisha lugha ya Python, alijiuzulu uongozi wake wa karibu miaka 30. Kulikuwa na mabishano makali juu ya alama moja mpya katika lugha ile. Cha kushangaza ni kwamba upande wake ulishinda, alama ilikubaliwa. Lakini alikuwa amechoka kupigana na kuona watu wengi wakidharau maamuzi yake. Tunapohesabu wanaoumizwa na majibizano huwa tunawahesabu walioshindwa tu.

Kwa hiyo nina neno moja kwa wewe ambaye sasa umeshakuwa mjuzi, unayeulizwa na wadogo zako kwenye makundi yenu ya WhatsApp na Telegram, na umeanza kuchoka. Najua unachoka. Sisi wa vyumba vya habari tuna wahariri wanaofoka, lakini mhariri akishafoka mnakutana kwenye chai, anakusogezea chapati, yanaisha. Kwenye maandishi hakuna chai. Ulichomwandikia yule kijana saa nne usiku atakisoma tena saa tano, na saa sita, na kesho yake darasani, na kila mara kitakuwa kikali kama kilivyokuwa.

Kama kazi yake ni mbovu, mwambie ni mbovu na umwonyeshe wapi. Hilo ni deni unalodaiwa na wale waliokujibu wewe. Kama swali limeulizwa mara mia, mpe kiungo cha jibu la zamani, dakika moja imekwisha. Na kama huna hata hiyo dakika moja, pita. Swali ambalo hukulijibu halimuumizi mtu, mwingine atalijibu. Kunyamaza nako ni adabu.